Picha ya Vuta N'kuvute: Mhalifu Ni Nani?

Juma lililopita tulikuwa Kendwa, kaskazini ya Unguja, kwa shughuli nyengine kabisa. Jua lilikuwa limekwisha kutua baharini, na wafanyakazi wa mahoteli waliomaliza zamu walikuwa wamekaa barazani wakipumzika: wapishi, watandika vitanda, walinzi, na vijana wanaowachukua wageni kwa mashua. Wanne kati yao walikuwa wameinamia simu moja, wakitazama picha ya senema ya nchi za nje, picha ya majambazi na polisi, bastola na magari yanayokimbizana. Tukakaa nao. Picha ilipokwisha tukawauliza: je, mmepata kuiona picha ya polisi na msakwa iliyotengenezwa hapa hapa Unguja, yenye vichochoro vyetu, lugha yetu na watu wetu?

Wakatazamana. Tulipoitaja Vuta N'kuvute, wawili walisema mara moja kwamba kitabu wanakijua, kwani walikisoma skuli kwa ajili ya mtihani. Picha yenyewe hakuna hata mmoja aliyeiona. Mpishi mmoja akatuuliza ilionyeshwa wapi kwanza. Tukamjibu kuwa ilionyeshwa Toronto, nchini Canada, mwezi wa Septemba mwaka 2021. Akacheka, kisha akasema: "Basi Canada wamekwisha kuiona. Kendwa itafika lini?"

Hatukuwa na jibu. Lakini tangu jioni ile swali hilo halikutuondoka, na ndilo lililotufanya tuandike maneno haya. Twaamini kwamba Vuta N'kuvute ni miongoni mwa picha bora zilizopata kutengenezwa katika nchi yetu, na twaamini vile vile kwamba haijapata haki yake mbele ya watu inaowahusu zaidi, nao ni wafanyakazi na wanachama wa kawaida wa mijini na mashamba.

Kwanza tueleze asili yake, kwa faida ya wasioijua. Kitabu kimeandikwa na Ndugu Adam Shafi, mwana wa Unguja, na kilichapishwa mwaka 1999 na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Ni mwandishi yule yule aliyetupa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, na Kuli mwaka 1979. Picha imeongozwa na Amil Shivji, kijana wa Kitanzania aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye kabla ya hapo alikwisha kutoa picha ya T-Junction mwaka 2017. Ilipoonyeshwa Toronto ilikuwa picha ya kwanza ya Tanzania kupokewa katika tamasha hilo kubwa. Mwaka uliofuata nchi yetu iliipeleka Marekani kushindania tuzo ya Oscar katika fungu la picha za nchi za nje. Kabla ya hapo Tanzania ilipata kupeleka picha moja tu, Maangamizi, mwaka 2001. Hiyo si heshima ndogo. Lakini heshima ya ugenini ni kama chakula kilichosifiwa harufu na jirani, na mwenye nyumba hajakionja.

Hadithi yenyewe ni ya Unguja ya miaka ya 1950, siku za mwisho za utawala wa Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliye mdogo bado, anaozwa mzee mwenye umri wa kumzaa. Anamkimbia mumewe, na jamaa zake mwenyewe wanamfungia mlango. Mlango unaofunguka ni wa Ng'ambo, kwa Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili asiye na mali wala cheo, lakini mwenye moyo mpana na sauti ya kuimba. Huko ndiko Yasmin anakojuana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi, ambaye yeye na wenzake wanapitisha kwa siri magazeti na karatasi zilizopigwa marufuku na wakoloni. Polisi wanamwinda. Mapenzi yanaingia katikati ya msako, na kuanzia hapo kila mmoja anavuta upande wake, kama jina la kitabu lisemavyo. Mwisho hatutaueleza, kwani tusingependa kumharibia raha yake yule ambaye bado hajaiona.

Wengi walioiandika picha hii wameiita picha ya mapenzi, na wengine wameiita picha ya siasa. Yote mawili ni kweli. Lakini sisi twapenda kuitazama kwa jina la tatu, ambalo vijana wa Kendwa wangelitambua upesi: ni picha ya uhalifu. Kila kilichomo katika picha za majambazi kimo humu. Mna mtu anayetembea usiku kwa kunyatia. Mna mzigo usiotakiwa kuonekana. Mna mbisho wa mlango usiojulikana kama ni wa rafiki au wa askari. Mna kachero, mna jela, na mna mwanamke anayelazimika kuchagua baina ya usalama wake na siri ya mwenzake. Tofauti iko mahali pamoja tu, na hapo ndipo penye uzito wote. Mzigo anaouchukua Denge si dhahabu ya kuiba wala bangi, ni karatasi zenye maandishi.

Kwa mtoto wa leo jambo hili laweza kuonekana kama limetiwa chumvi. Nani atafungwa kwa karatasi? Yafaa tumkumbushe kwamba hadithi hii haikutungwa hewani. Mwaka 1954 wakoloni waliwapeleka mahakamani wakubwa wa gazeti la Al-Falaq na wa jumuiya yao kwa kosa la uchochezi, na kosa lenyewe lilikuwa ni maneno yaliyochapishwa. Mwaka 1962, Uhuru ukiwa umekwisha kukaribia, Abdulrahman Mohamed Babu alifungwa kwa kosa hilo hilo la uchochezi. Hawa ni watu wa kweli, na jela zilikuwa za kweli. Adam Shafi alipomweka Denge mikononi mwa polisi kwa ajili ya karatasi, alikuwa akiandika jambo ambalo watu wa rika lake waliliona kwa macho yao.

Wala haikuwa karatasi peke yake. Mwaka 1948 makuli wa bandarini waligoma wakidai ujira wa kutosha kula, na mgomo wao ukaenea mji mzima. Ndio mgomo ambao Shafi huyo huyo aliuandikia kitabu chake cha Kuli. Mbele ya dola ya kikoloni, mtu aliyekataa kubeba gunia kwa njaa alikuwa mvunja amani. Mwezi wa Julai mwaka 1951 wakulima wa Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao wasichomwe sindano kwa amri, na juu ya hayo walikuwa na uchungu wa ardhi yao iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Wenzao walipofungwa, watu waliandamana kwenda kuwatoa, na polisi wakawapiga risasi. Wazee wetu wanaviita Vita vya Ng'ombe. Katika vitabu vya mahakama ya siku zile, mhalifu ni nani katika kisa hicho? Ni yule mkulima. Na mbele ya wajukuu zake leo, mhalifu ni nani?

Hilo ndilo swali la Vuta N'kuvute, na kwa maoni yetu hakuna picha ya majambazi ya nchi za nje inayouliza swali zito zaidi. Picha nyingi za namna hiyo humpa mtazamaji mwizi na askari, kisha humwachia achague nani amshangilie. Hazimwulizi sheria ile imetungwa na nani, wala inalinda mali ya nani. Picha hii inamlazimisha aulize. Binti aliyeozwa kwa nguvu alitendewa jambo ambalo halikumpeleka mtu yeyote kizimbani. Kijana aliyegawa karatasi zinazosema kwamba nchi ina wenyewe ndiye anayekimbizwa na mbwa na bunduki. Mtazamaji akiviweka vitu hivi viwili kwenye mizani moja, hana haja ya kuhutubiwa.

Hatusemi haya ili kumtukuza mwizi. Mtu anayevunja nyumba ya mfanyakazi mwenziwe na kumchukulia mshahara wake wa mwezi ni adui wa wafanyakazi, na sheria ya watu huru haina budi kumshika. Tunachosema ni kwamba neno "mhalifu" lina historia. Wakati fulani liliwekwa juu ya vichwa vya watu wema na watu waovu waliokuwa wamekaa juu ya viti vyema. Chama kinachosahau kwamba waasisi wa uhuru waliitwa wahalifu chaweza siku moja kulitumia neno hilo bila ya kufikiri. Ndiyo maana picha hii ina manufaa kwetu sisi wa leo zaidi kuliko kwa wageni waliotangulia kuipigia makofi.

Liko jambo jengine ambalo wasomaji wetu wafanyakazi watalielewa upesi. Kitabuni, mkuu wa msako ni Mwingereza, Inspekta Wright. Lakini miguu inayomfanyia kazi, masikio yanayomsikilizia na mikono inayotia pingu ni ya Koplo Matata, mtu mweusi, mla mshahara mdogo, ambaye akivua sare anarudi mtaani kwa watu wale wale aliowapeleleza mchana. Mwandishi hakumfanya shetani. Amemfanya mtumishi. Na hapo ndipo lilipo funzo, kwa sababu dola ya kikoloni haikuwa na Waingereza wa kutosha kuitawala hata mitaa ya Ng'ambo. Iliitawala kwa mikono ya mafukara waliokubali kuwachunga mafukara wenzao. Kila mfanyakazi aliyepata kuahidiwa nyongeza kidogo ili apeleke maneno ya wenzake kwa mwajiri atamjua Koplo Matata bila ya kujulishwa.

Na tusiwasahau wanawake wawili wa hadithi hii, kwani bila ya wao isingekuwapo. Yasmin, anayechezwa na Ikhlas Gafur Vora, haanzi kuwa mpigania uhuru kwa kusoma siasa. Anaanza kwa kukataa kuuzwa. Uhuru wa nchi unamjia kupitia uhuru wa nafsi yake. Mwajuma, anayechezwa na mwimbaji Siti Amina, hana hotuba hata moja, lakini nyumba yake ndiyo ngome. Anampokea binti wa Kihindi ambaye jamaa zake wamemtupa, anampa mahali pa kulala, na hamwulizi kabila. Miaka ile wakoloni waliwahesabu watu wa Unguja kwa mafungu, Waarabu huku, Wahindi kule, Waafrika pale, na kila fungu likafunzwa kuliogopa jengine. Nchi ingali inayo makovu ya mafunzo hayo. Chumba cha Mwajuma, chenye mkeka na taa, kinayajibu kwa kitendo kimoja tu cha kufungua mlango.

Wako watakaosema kwamba watu wetu hawapendi picha za namna hii, kwamba wanataka bastola na ngumi tu. Historia ya mji wetu yakanusha. Katika miaka ile ile ya 1950, watu wa Unguja walijaa katika majumba ya senema kuitazama Awara, picha ya Raj Kapoor iliyotoka Bara Hindi mwaka 1951. Ni hadithi ya mwana wa hakimu aliyelelewa na jambazi, akawa mwizi, kisha akasimama mahakamani mbele ya baba yake. Nayo pia iliuliza kama mhalifu huzaliwa au hutengenezwa. Wachukuzi, mama lishe na watoto wa skuli waliielewa, ingawa wengi wao hawakujua Kihindi. Na tusisahau kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianzia hapa hapa Unguja, kwa Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa wake, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, na kiko chake, aliwafunza wasomaji wetu kumtafuta muuaji kwa akili. Adam Shafi alikuja baadaye, akawafunza kuuliza swali lililo nyuma ya hilo. Basi mtu wa Unguja hahitaji kufundishwa kupenda hadithi za aina hii. Anahitaji kupelekewa.

Haifai kusifu bila ya kupima, kwa hivyo tuseme pia yale tusiyoridhika nayo. Picha hii inakwenda polepole. Kwa aliyezoea mikiki ya senema za kigeni, nusu saa ya kwanza itamtaka subira. Pili, ni nzuri mno kwa macho. Taa za usiku, rangi za nguo, vivuli vya kuta za Mji Mkongwe, vyote vimepigwa kwa ustadi mkubwa, hata mara nyengine umasikini wa Ng'ambo unapendeza kuliko ulivyostahili. Umasikini una harufu na una uchovu, na hivyo havionekani vizuri katika picha iliyopambwa. Tatu, kitabu ni kipana kuliko picha ya saa moja u nusu. Anayetaka kujua jinsi watu walivyoishi, walivyokula, walivyotaniana na walivyopanga mambo yao hana budi kukirudia kitabu. Lakini kasoro hizi ni za kazi iliyokusudia makubwa. Hatuoni ndani yake uvivu wala kuiga. Hakuna mtu aliyewekwa humo kwa ajili ya kumfurahisha mtalii, na Kiswahili kinachosemwa ni Kiswahili cha watu, wala si cha kitabu cha kujifunzia lugha.

Sasa turudi kwenye swali la mpishi wa Kendwa. Kwa nini picha ya Unguja haijafika Kendwa? Jibu moja liko wazi kwa kila apitaye Vuga na kuitazama Majestic, jumba la senema lililojengwa upya mwaka 1955 baada ya lile la kwanza kuungua. Zamani mji wetu ulikuwa na Majestic, Empire na Cine Afrique, na usiku wa sikukuu mtu alikuwa hapati tikiti. Majumba hayo yalikufa moja baada ya moja. Tunalo tamasha la kila mwaka la nchi za jahazi, lililoanza kuonyesha picha mwaka 1998 na ambalo Ngome Kongwe imekuwa ukumbi wake mkubwa, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mwenye zamu ya usiku katika hoteli ya Kendwa, aliye mbali na mji na mwenye nauli ya kuhesabu, tamasha la Ngome Kongwe kwake ni khabari ya redioni.

Jibu la pili ni letu sisi wenyewe. Tumezoea kufikiri kwamba utamaduni ni ngoma za kumpokea mgeni. Kitabu tumekiacha kiwe kazi ya mtihani, kikisomwa kwa kukariri majina ya wahusika na kusahauliwa siku ya pili. Picha tumeiacha iwe kazi ya matamasha. Na huku mfanyakazi, ambaye baba yake na babu yake ndio walioigiza hadithi hii kwa maisha yao, ameachiwa simu na majambazi wa kigeni.

Wazee wa mashamba wanalikumbuka gari la senema. Lilikuwa likifika kijijini jioni, likitundika kitambaa cheupe baina ya minazi miwili, na kijiji kizima kikatoka na mikeka. Wakoloni walilitumia kwa kuwafunza watu mambo waliyoyataka wao. Hakuna sababu ya sisi kushindwa kutumia njia hiyo hiyo kwa mambo yetu. Kitambaa hakijapanda bei, na mitambo ya kuonyeshea picha leo ni midogo hata huchukulika kwapani. Twapendekeza basi kwamba matawi ya Chama na vyama vya wafanyakazi, kwa makubaliano na kwa malipo ya haki kwa watengenezaji wa picha, yaipeleke Vuta N'kuvute Kendwa, Nungwi, Makunduchi, Chake Chake na kila palipo na ukuta mweupe. Na baada ya picha pasiwe na hotuba ndefu. Mwenyekiti aulize swali moja tu, lile la mhalifu ni nani, kisha akae, asikilize.

Jioni ile ya Kendwa, tulipokuwa tukiaga, mzee mmoja aliyekaa kimya muda wote akishona wavu alituita. Alikuwa mtoto mdogo, alisema, siku baba yake alipofukia karatasi chini ya mchanga, nyuma ya banda la kuku, kwa sababu gari la polisi lilionekana barabarani. Hakupata kujua karatasi zile zilisema nini. Baba alifariki bila ya kusimulia, na banda limekwisha kuvunjwa, na mahali pale leo pana bustani ya hoteli. Wale vijana wanne walikuwa wamekwisha kuiweka simu chini. Mmoja akamwuliza, "Kwani baba yako aliiba nini?" Mzee akamtazama, asiwe na la kusema.

Ni kwa ajili ya kijana huyo tunataka picha hii ifike Kendwa.